Sukari ya Matanga

Gihosha, Bujumbura
8 Februari 1998

Dada Sijaona,

Nimehesabu kwa vidole nikaona eda yako imekwisha tangu katikati ya Ramadhani, na Idi nayo imepita. Sasa naweza kukuandikia mambo ya dunia bila kukukosea adabu. Ningeandika mapema, lakini Mirindi wa Uvira, ambaye ndiye posta yetu siku hizi, hakuvuka na boti yake kwa wiki tano. Anasema kila pwani ina askari wanaotaka kujua gunia lina nini.

Mimi bado ninalia, kwa maana ya desturi. Kwenu siku zinahesabika, mtu anajua ataamka lini na kuvaa anachotaka. Kwetu matanga yanafungwa siku ya kuganduka, ndugu wa mume wanapokaa, wakanywa, wakamtaja atakayesimama mahali pa marehemu, na hapo ndipo mjane anarudi kuwa mtu. Kuganduka kwa Adrien kunatakiwa kufanyika kwao mlimani, na barabara ya huko haipitiki kwa vita. Shemeji yangu Léonce anasema tungoje amani. Wewe unaijua amani yetu.

Sikuandikii kulalamika. Waume zetu walikufa siku moja, katika gari moja, wakifuata mawese Rumonge, na mpaka leo mtu akisema "marehemu Adrien" nageuka kumtafuta Hamimu nyuma yake. Kiwanda walikianzisha watu wanne: Adrien, Léonce, mzee Uthmani mwenye duka la vyuma, na Hamimu wako aliyeleta ufundi wake wa kupika sabuni badala ya pesa. Fungu la Adrien ndilo kubwa, lakini halipigi kura mpaka kuganduka. Hilo likinyamaza wanabaki watatu, na upande ambao fungu la Hamimu litaegemea ndio utakaoshinda.

Léonce anataka kuwaondoa wanawake wote wa chumba cha kukata na kufunga, thelathini na wawili, aweke wanaume watakaolala ghalani. Sababu yake ni kwamba saa tisa alasiri wanawake wanaokaa mtaa wa Musaga hukimbilia basi dogo kabla askari hawajafunga njia, na miche inabaki haijafungwa. Nimekisimamia chumba kile miaka tisa, na minne kati ya hiyo wewe ulikuwa ukigonga muhuri mezani pangu. Dawa yake ni waanze saa moja badala ya saa mbili na wapunguze mapumziko. Lakini nitamwambia nani? Chumba cha bodi hawaniruhusu kuingia. Nikienda kwa Léonce ananiambia pole, mwanamke aliyefiwa asijichoshe.

Nataka kuketi katika kiti cha Adrien sasa, bila kungoja mlima. Nimeambatanisha karatasi ya uwakilishi. Imeandikwa kwa Kifaransa, usijisumbue nayo. Weka sahihi pale nilipotia msalaba wa penseli, mengine niachie mimi.

Kikao ni Aprili 20. Usichelewe.

Wako,
Caritas, Mama Joëlla


Ujiji
1 Machi 1998

Mama Joëlla,

Haya anayaandika wifi yangu Houda, mimi nasema huku namenya mihogo. Unajua mimi chuoni nilifunzwa herufi za Kiarabu tu, na hizo wewe unaziona kama nyayo za kuku.

Barua yako imefika ikinuka samaki, lakini imefika. Tunaishi. Houda anashona, mimi napika sabuni ya magadi uani kwa njia ya Hamimu, nauza kwa kipande. Watu wa Ujiji wanaisifu. Nikiikoroga namsikia akisema "polepole, usiiamshe." Usiku wa kwanza baada ya eda nililia zaidi kuliko siku zote za eda, sijui kwa nini nakuambia.

Hao wanawake wameniuma. Wengine nawajua hata jinsi wanavyokohoa. Nani atawachukua sasa, na mji wenyewe ni huo?

Ila nina swali, na usinikasirikie. Unataka kiti cha Adrien au unataka kiti chako? Miaka tisa ulikuwa ukimwambia Adrien kitandani, Adrien anasema kikaoni, watu wanamsifu Adrien. Nilikuwa naona. Tulikuwa tunacheka pale mezani, kwamba leo patron, bosi wetu, ataamka na akili mpya.

Karatasi yako ninayo. Houda ataniangalizia imesema nini, kwa kuwa alisoma kwa masista pale Bujumbura kabla vita havijatuleta huku. Sijaweka sahihi. Nipe muda.

Nisalimie watu wote, na shemeji yako Léonce. Ni mtu anayekumbuka wafiwa.

Sijaona


Gihosha
25 Aprili 1998

Sijaona,

Nilingoja karatasi yako Machi yote. Nikangoja Aprili. Nilimtetea Mirindi kwa watu, nikasema ni boti tu imechelewa.

Siku ya kikao nilivaa kitambaa changu cha matanga nikaketi kwenye benchi nje ya mlango, kwa kuwa mzee Uthmani alisema jambo langu litajadiliwa na nikiitwa niwepo. Niliitwa. Nikawaeleza juu ya saa moja na saa mbili, nikawaeleza juu ya basi, nikawaonyesha kwamba miche inayoharibika huharibika kwa ubovu wa magadi yanayopita katika vikwazo vya biashara, si kwa mikono ya wanawake. Nikaomba niketi. Léonce akanisikiliza kwa upole wote, kisha akasema mbele yao: "Mutu mwenye angali analia hawezi kukaa mu conseil ya kiwanda. Kwetu haiko hivyo."

Nikasema basi tupige kura, fungu la Hamimu liko pamoja nami. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, Sijaona, mbele ya wanaume wawili na karani.

Ndipo akafungua mkoba wake, akatoa karatasi. Uwakilishi wa fungu la Hamimu, kwa jina la Léonce, una sahihi yako. Hizo nyayo za kuku. Nimeziona mara elfu ukiandika jina lako kwenye daftari la zamu, siwezi kuzikosea. Tarehe ni Novemba mwaka jana.

Kumbe ulipokuwa ukinitania kuhusu kiti cha Adrien ulikuwa umeshakiuza. "Ni mtu anayekumbuka wafiwa." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko Zaburi.

Wamekata hivi: nisubiri kuganduka. Juu ya wanawake, mzee Uthmani aliomba uamuzi uwekwe mpaka Juni 20, akakubaliwa. Wakati natoka alinifuata mpaka getini. Akaniambia, "Mama, mwenye fungu iko anaishi. Aseme yeye mwenyewe, mi nitamusikia."

Nami sijui kama kuna la kusikia. Alikupa nini?

Caritas


Ujiji
17 Mei 1998

Mama Joëlla,

Leo naandika mimi Houda, kwa kichwa changu. Wifi yangu amelala. Barua yako nilimsomea yote, sikuruka neno, hata lile la kuuza. Aliinuka, akaenda akamwaga sufuria nzima ya sabuni chini. Leo asubuhi ndipo alinieleza yote.

Sikiliza sasa, maana hata mimi nilikuwa sijui. Novemba, Sijaona yumo ndani ya eda, alikuja mwanamume kutoka kwenu, amevaa viatu vizuri. Mimi nilikuwa sokoni na vitambaa vyangu. Wifi hakutoka, mwanamume si maharimu wake. Alikaa nyuma ya pazia, yule akaongea akiwa mlangoni. Akasema ametumwa na kiwanda, wote wanamlilia Hamimu, na wameleta kilo ishirini za sukari na gunia la mchele kwa ajili ya hitima. Kisha akasema atie jina lake kwenye karatasi, ili kule waone kwamba matanga yamefika.

Unajua desturi ya Bujumbura kuliko mimi. Msiba ukitokea kuna daftari, kila aliyeleta kitu anaandikwa, mfiwa anatia mkono. Tumezoea hivyo, Waislamu na Wakristo. Karatasi ikapitishwa chini ya pazia pamoja na kalamu. Akaandika jina lake. Hakuuliza, kwa sababu angeuliza angekuwa anazungumza na mwanamume asiye wake katika eda, na alishaona ameongea naye vya kutosha. Baadaye akanificha mimi, akaniambia sukari imetoka kwa jirani wa zamani. Aliona haya. Kwa hiyo alipokuwa akiniandikisha barua ya Machi alishindwa kukuuliza kama ile karatasi ilikuwa kitu, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Sukari ile tumeila watu wa mtaa mzima. Tumemsomea Hamimu Kurani kwa sukari ile.

Hilo ni moja. La pili ni langu, nalo halipendezi. Karatasi yako nimeisoma. Inasema Sijaona anakupa wewe madaraka yote juu ya fungu lake, bila mpaka na bila mwisho, kupiga kura, kuuza, lolote. Ya Léonce sijaiona, lakini sidhani kama imezidi hapo. Tofauti ni kwamba yeye alitia sukari na wewe ukatia msalaba wa penseli. Wote wawili mlimwambia asijisumbue.

Mimi ni mshonaji. Mtu akiniletea kitambaa akaniambia "kata tu, mengine niachie", simkatii.

Houda


Gihosha
30 Mei 1998

Dada Sijaona,

Leo hakuna karatasi ndani ya bahasha, hata upekue.

Nimekukosea mara mbili. Mara ya kwanza nilipokuandikia usijisumbue. Ile karatasi niliinakili kutoka kabati la Adrien, ilikuwa ndiyo aina waliyokuwa wakitumia, na sikuisoma mpaka mwisho, au niliisoma nikaona inanifaa. Nadhani ni hili la pili. Nilikuwa na haraka ya kuokoa wanawake thelathini na wawili nikasahau kwamba wewe ni wa thelathini na tatu. Mara ya pili nilipokuuliza alikupa nini. Swali hilo linanichoma kila nikilikumbuka, na nitalibeba.

Mwambie Houda ana ulimi mkali na alikuwa na haki.

Uliniuliza kama nataka kiti cha Adrien au changu, nami nikapita kama sikusikia. Nimelifikiria sana pale benchini, na baada ya hapo. Nilimpenda Adrien na nilipenda kumsikia akisema maneno yangu. Ilinitosha, hapana budi niseme ukweli, ilinitosha kabisa, na kama angekuwa hai ningeendelea hivyo mpaka nizeeke. Ndilo linalonitisha. Nataka changu.

Sasa nakueleza ili ujue, uamue mwenyewe. Juni 20 kuna mambo mawili. La kwanza, kama wanawake wanabaki au wanaondoka. La pili, kama mjane anaweza kuketi na kupiga kura kwa fungu la mumewe kabla ya kuganduka. Léonce peke yake anamzidi mzee Uthmani kidogo. Mzee peke yake hatoshi. Karatasi ya Léonce inaweza kufutwa na wewe tu, kwa neno lako, hata kwa barua, nimeuliza kwa mtu wa mahakama. Ukiifuta, fungu linarudi mkononi mwako, nawe unaweza kulielekeza unakotaka, au kulinyamazisha. Ukiamua linyamaze, au hata liwe dhidi yangu, nitaendelea kuwa mwenzako.

Wanawake wanakusalimu. Meza yako ya muhuri haijapewa mtu, wanaitumia kwa zamu.

Caritas


Ujiji
10 Juni 1998

Kwa wakuu wa kiwanda cha sabuni, Bujumbura. Nimeiandika kwa mkono wangu na kwa herufi zangu. Mzee Uthmani aisome kwa sauti, asipunguze.

Assalamu alaikum.

Mimi ni Sijaona, mjane wa Hamimu aliyewapikia sabuni. Watoto wake ni wangu na fungu lake liko chini ya mkono wangu mpaka wakue. Mzee Uthmani alikuwapo mirathi ilipogawanywa, anajua.

Novemba mtu wenu alinijia ndani ya eda akaniletea sukari, akapitisha karatasi chini ya pazia. Nilidhani ni daftari la matanga. Nilitia jina langu kushukuru. Karatasi hiyo naifuta. Sukari siirudishi, imeliwa, na Mungu awalipe waliokula kwa nia njema.

Nimesikia mmesema Caritas asiketi kwa sababu bado analia. Mimi na yeye tulifiwa siku moja, saa moja, barabara moja. Mimi eda yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi, ikaisha, nikafungua mlango. Yangu ilihesabiwa na Mungu. Ya Caritas inahesabiwa na nani? Kama ni na mlima, mlima haujui kuhesabu. Kama ni na Léonce, basi Léonce aseme mbele yenu ni siku gani, niiandike.

Na mimi nawauliza nyinyi mnaojua mambo. Wakati mimi niko ndani ya eda, mmoja wenu aliona niko sawa kabisa kutia sahihi. Vipi mwenzangu akitaka kuketi, msiba unakuwa mkubwa mno?

Fungu la Hamimu nalielekeza katika mambo mawili tu. Wanawake wabaki, waanze saa moja. Caritas aketi, apige kura. Baada ya hapo fungu linanyamaza. Simpi Léonce. Simpi Caritas pia, naye anajua kwa nini. Siku nitakaporudi nataka kiti changu mwenyewe. Mpaka siku hiyo, mwenye neno kwangu aniandikie kwa Kiswahili, na anieleze.

Sijaona


Bujumbura, kiwandani
22 Juni 1998

Dada Sijaona,

Nakuandikia mezani pako pa muhuri. Ni saa tano, wanawake wamekwisha kufunga nusu ya kazi ya leo, kwa maana leo Jumatatu ndiyo siku ya kwanza ya saa moja. Umeelewa basi.

Safari hii mzee Uthmani aliniingiza ndani tangu mwanzo, akavaa miwani akasoma. Hakupunguza. Alipofika kwenye mlima aliurudia mstari ule, nadhani kwa ajili yake mwenyewe. Léonce akasema mtu yeyote anaweza kuandika barua, hawezi kukubali maandishi yasiyosomeka. Mzee akamwomba ile karatasi ya Novemba. Akaziweka pamoja, jina chini ya jina. Mkono ni ule ule. Akamwambia, "Léonce, shahidi wake ni karatasi yako."

Léonce hakuitaja ile siku uliyomwuliza. Nilimtazama nikingoja aseme, hata siku ya uongo, na sikuwa na hasira tena, nilimwonea huruma kidogo. Naye alimpoteza kaka katika gari lile. Labda alikuwa anashikilia matanga kwa sababu yakiisha Adrien amekwisha. Labda alikuwa anashikilia kiwanda. Nadhani hata yeye hajui yanapoachana.

Kura zikapigwa. Karani akaandika: "Mjane wa Adrien ameketi." Nikamwambia afute, aandike Caritas. Akamtazama Léonce kwanza. Léonce akatazama dirisha. Basi karani akafuta.

Halafu kukatokea jambo ambalo sikutegemea. Mzee Uthmani, kwa wema wake, akapendekeza kwamba kwa kuwa uko mbali, nikubebee fungu lako mpaka urudi, ingerahisisha kazi. Wote wakanigeukia. Sijaona, ulimi wangu ulikuwa umeshasema ndiyo ndani ya mdomo. Nilishika meza. Nikasema hapana, mwenyewe amesema linyamaze, lina haki ya kunyamaza. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Vikao vijavyo kuna mambo ambayo ningeyashinda kwa kura yako kwa urahisi, na nitayapigania kwa shida, na nitakukumbuka kwa kukukasirikia kidogo.

Nakuletea maandishi ya kikao. Usiku wa jana niliyageuza yote kwa Kiswahili, kurasa nne, mkono unaniuma. Kila kikao nitakufanyia hivyo, na nisipofanya Houda aniandikie kwa ulimi wake.

Tuna viti vinne vya mbao pale ndani, kimoja chini ya dirisha, kile Hamimu alichokuwa akikalia ili aone moshi wa matangi yake. Léonce alipoingia alitaka kuweka kofia yake juu ya kiti hicho kama alivyozoea tangu Septemba. Nilimwomba aiondoe. Aliiondoa, akakaa nayo magotini mpaka mwisho wa kikao.

Caritas